Kutoka Kishanda Kutafuta Ubongo wa Gari

Niliondoka Kishanda kwa sababu ya tumbo la Koku. Nalisema hilo mapema, maana wengi wenu mkikutana nami baada ya ibada mnaniuliza ilikuwaje mwalimu mstaafu wa jiografia akapotea Bukoba siku nne akitafuta kifaa kisichozidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo, nami nimekuwa nikiwajibu nusu nusu. Sasa nimekaa chini, nimevaa miwani, nawaandikia safari yote tangu mwanzo, pamoja na lile ambalo sikuwaambia mafundi.

Koku, kwa msiomjua, ni mke wa mwanangu Mujuni. Mujuni yuko Geita kwenye kazi za mgodi, mkewe anakaa nami. Hii ni mimba yake ya kwanza. Muuguzi wa kliniki alimpima, akampima tena, kisha akaniita pembeni na kuniambia mtoto amekaa vibaya na nyonga za mama ni nyembamba, huyu asithubutu kuzalia nyumbani wala hapa kliniki. Apelekwe hospitali ya Bukoba, tena aende wiki mbili kabla ya siku yake akasubiri huko huko. Siku ananiambia hivyo, zilikuwa zimebaki wiki tano.

Mnaijua njia yetu wakati wa mvua. Gari la kukodi hufika mpaka chini ya mlima, dereva akatazama lile tope, akageuza. Pikipiki si ya mwanamke mwenye mimba ya namna ile. Linalopanda na kushuka mlima ule ni gari la marehemu mume wangu tu, lile la kijani la petroli, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Na gari hilo lilikuwa limeanza kuniaibisha. Asubuhi linawaka vizuri, likipata moto linaanza kumisi, yaani kukatakata moto, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, halafu linazima katikati ya mlima bila kuaga. Mara mbili lilinizimia nikiwa peke yangu. Nikajiuliza, likizima Koku akiwa ndani na uchungu umeanza, nitafanya nini? Ndiyo maana nikaondoka.

Siku ya kwanza, saa moja asubuhi, niliwasha gari. Koku alinifungia ndizi za kuchoma na chupa ya chai, akasimama mlangoni ameshika kiuno. Nilimwambia nitarudi kesho yake. Mtu asiyejua aendako huwa mwepesi wa kuahidi.

Saa tatu nilikuwa Muleba mjini kwa Fundi Deo, ambaye amelijua gari hili tangu mume wangu akiwa hai. Alichomeka mashine yake ya kupima, akasoma, akachomoa, akachomeka tena. Akabadilisha plagi kwa majaribio, akabadilisha koili. Mwisho akajifuta mikono.

"Mwalimu, plagi nzima, koili nzima, sensa nzima. Anayeumwa ni kontroboksi."

"Ndiye nani huyo?"

"Kompyuta ya injini. Ubongo wa gari. Ndiyo inayoamua petroli iingie kiasi gani na moto uwake saa ngapi." Akanitazama. "Gari hili liliwahi kuingia maji? Ulivuka mto uliojaa?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Maji hayajawahi kuingia humu, Deo."

"Basi sielewi," akasema. "Boksi haliugui bure."

Yeye akaendelea kunieleza kwamba boksi jipya la kiwanda chenyewe kwa gari la umri huu halipatikani tena, lakini viko viwanda vingine vinavyotengeneza maboksi ya kufunga badala yake, hasa kwa magari ya porini. Niende Bukoba, kuna muuzaji anayeyajua. Nikamuuliza nichukue lipi. Akasema hapo ndipo elimu yake inapoishia. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa halikunisaidia.

Saa sita mchana, nikiwa nimeshapita Muhutwe, gari likaanza kukohoa. Nililibembeleza mpaka Kemondo, likazima kando ya barabara mahali ziwa linapoonekana. Nikafungua boneti ili watu wajue sijaegesha kwa kupenda. Nilikaa hapo saa nzima nikila ndizi za Koku na kuitazama injini. Miaka thelathini nimewafundisha watoto jinsi mvua inavyoundwa na mito inavyokata mabonde, na sasa nilikuwa mbele ya kitu cha chuma ambacho sikujua hata kichwa chake kiko upande gani. Nilijisikia mjinga, nasema kweli. Injini ilipopoa nikawasha, ikawaka kama vile hapakuwa na ugomvi wowote kati yetu.

Jioni niliingia Nshambya kwa wifi yangu Adelina, dada wa marehemu. Ana nyumba yake, migomba yake michache na mdomo wake. Alinipokea begi, akalitazama gari.

"Wifi, bado unaling'ang'ania? Kaka yangu alilipenda kuliko sisi wote, lakini yeye ameshapumzika."

Nikamweleza habari ya Koku. Akaacha utani palepale. Akasema chumba cha nyuma kitakuwa cha Koku tangu leo, mimi nilete mtu tu. Basi ikabaki kazi yangu ya kumleta.

Siku ya pili, saa mbili asubuhi, nilikuwa dukani kwa muuzaji niliyeelekezwa, Bwana Edson, mtu wa makamo mwenye miwani mizito na kompyuta mpakato iliyofutikafutika herufi. Aliniita Mama, akaniletea kiti, nikaona heshima ipo. Kisha akaanza kunieleza, na kuanzia hapo nawaomba mnivumilie, maana nitaandika kama nilivyoelewa, na sikuelewa sana.

Maboksi yalikuwa ya namna tatu. La kwanza, boksi la mtumba lililotolewa kwenye gari kama langu huko lilikotoka. Linafanana na langu kwa namba na kwa soketi, unachomoa hili unachomeka lile. Nikasema basi, nipe hilo twende. Edson akainua kidole. Boksi lile linaujua ufunguo wa mwenye gari la kwanza, ufunguo wangu halitautambua. Inabidi vitu vilivyomo kwenye boksi langu vinakiliwe viingizwe kwenye lile, na kama boksi langu limeoza ndani, huenda vikanakiliwa na uozo wake.

La pili ni kiboksi kidogo ambacho hakitoi lile la zamani, kinakaa pembeni yake na kulidanganya. Ndivyo alivyosema, kulidanganya. Sensa ikisema hivi, kiboksi kinageuza maneno, petroli inaongezeka, gari linapata nguvu. Vijana wa mjini wanakipenda. Nikauliza kama ni vizuri ubongo unaoumwa ukawekewa mwongo pembeni. Edson akacheka, akasema swali zuri, kisha akageukia rafu.

La tatu lilikuwa zito, jeusi, limefungwa kwa chuma na mpira pande zote. Hilo linatupa nje ubongo wa zamani moja kwa moja, unalifundisha wewe mwenyewe kwa kompyuta. Magari ya mashindano ya porini yanafungwa hilo. Akalifungua faili kwenye kompyuta yake kunionyesha lugha yake, nikaona jedwali la tarakimu limejaa kuanzia juu mpaka chini, lina rangi nyekundu na bluu kama ripoti ya darasa lililofeli.

"Unataka nguvu ngapi, Mama?"

"Nataka kupanda mlima mmoja."

"Mlima wa mchanga, wa mawe au wa tope?"

"Wa Kishanda."

Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Nilichukua daftari nikachora safu tatu, kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto kulinganisha nchi. Nikajaza faida, nikajaza hasara. Kufika saa tano nilikuwa nimeamua la mtumba. Saa tano na nusu akaingia mteja mmoja dereva wa malori, akasema la mtumba lilimtesa miezi mitatu, nikalifuta. Nikaandika kiboksi. Nikakumbuka habari ya kudanganya, nikakifuta. Nikamuuliza Edson kuhusu lile zito, nani atalifundisha tena likisahau nikiwa Kishanda? Akasema nitampigia simu. Nikamwambia mtandao kwetu unapatikana juu ya mwamba nyuma ya kanisa, na mtu hupanda huko kwa miguu.

Kabla sijatoka akaniuliza, "Hivi lile la zamani liliharibika kwa nini? Lilipata maji?"

"Hapana," nikasema.

"Ungejua sababu, ingekuwa rahisi kukushauri."

Nikafunga daftari langu. Nilisema nitarudi, nikaenda kutembea ufukweni mpaka miguu ikauma, na kila nilipoanza kufikiri mawazo yalikwenda kwa Koku badala ya maboksi.

Alasiri ile ile simu ikaita. Alikuwa Koku, anapiga kutoka kwenye ule mwamba. Nilimgombeza kwa kupanda huko. Akasema mgongo unamvuta tangu asubuhi, si uchungu, lakini muuguzi amemwona na kusema asingoje zile wiki mbili, aletwe mjini haraka.

"Umeshapata hilo boksi, Ma?"

"Bado nachagua."

"Chagua tu," akasema. "Wewe huwa hukosei."

Afadhali angenitukana. Nilirudi Nshambya nimenywea, nikamwambia Adelina kwamba nimesoma chuo, nimefundisha, nimezika mume, na nimeshindwa na maboksi matatu. Wifi yangu akaweka ndizi na maharage mezani, akasema nile kwanza. Nilipomaliza ndipo akamtaja Ta Kaijage wa Kaagya, mzee aliyekuwa fundi wa magari ya mashindano zamani, sasa analima kahawa. "Huyo hana duka," akasema. "Hana cha kukuuzia, kwa hiyo atakwambia ukweli."

Siku ya tatu, asubuhi na mapema, nilielekea Kaagya na gari langu linalomisi. Nilimkuta Ta Kaijage uani anageuza kahawa juani, mtu mrefu aliyevaa kofia ya sufu. Tukasalimiana Kihaya kwa urefu wake wote, nyumba yangu na nyumba yake, waliopo na waliotutoka. Mkewe akaleta amwani, kahawa yetu ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo. Nikachukua punje mbili, nikatafuna. Nilitamani kusema habari ya gari hapo hapo, lakini mgeni haanzi na shida kabla kahawa haijalainika mdomoni, nami nililelewa. Tukaongea bei za kahawa, tukaongea mvua. Ndani yangu nilikuwa nikihesabu siku za Koku.

Hatimaye akasema, "Haya, Mwalimu, tumwone mgonjwa."

Hakufungua boneti. Jambo hilo lilinishtua. Alifungua mlango wa abiria wa mbele, akapiga magoti, akapitisha kiganja chake juu ya zulia la chini, mahali abiria anapoweka miguu.

"Zulia hili ni jipya," akasema. "La zamani lilikwenda wapi?"

Nikasema nililitupa.

Akalifunua. Chini yake kulikuwa na kifuniko cha plastiki, na chini ya kifuniko boksi lenyewe, limelala sakafuni. Mimi sikujua mpaka siku ile kwamba ubongo wa gari langu unakaa chini ya miguu ya abiria. Akachomoa soketi, akaitazama kwa muda. Pini zilikuwa za kijani, zimeganda kitu cheusi cha kunata. Akaisogeza puani.

"Waitu, Mwalimu," akasema taratibu, "hii ni rubisi."

Hapo sikuwa na pa kujificha, na nyinyi pia nawaambia sasa.

Mwaka juzi tulipompeleka Mujuni kujitambulisha kwa kina Koku, tulipakia rubisi, pombe yetu ya ndizi, kama inavyotakiwa. Madumu ya plastiki yalikuwa nyuma. Lakini kile kibuyu cha kwanza, kibuyu cha heshima, mnajua hakikai nyuma na madumu. Kinakaa mbele, mapajani mwa mshenga, mdomo umefungwa kwa jani la mgomba, na hakigusi chini mpaka kifike mikononi mwa mwenye binti. Mshenga alikuwa shemeji yangu Rwegasira. Mimi niliendesha. Kwenye kona moja mbuzi akakatiza, nikakanyaga breki, kibuyu kikaruka kikaangukia miguuni mwa Rwegasira. Kilipookotwa kilikuwa na nusu tu.

Tulisimama. Rwegasira, Mujuni na mimi tulitazamana. Kurudi tusingeweza, watu walikuwa wanatungoja. Kufika na kibuyu nusu ni kusema mnamtaka binti yao nusu. Rwegasira akafungua dumu, akakijaza, akakata jani jipya kando ya barabara, akakifunga. "Hakuna aliyeona," akasema. Tukaapizana tusiseme. Wakwe wakijua kwamba kibuyu cha heshima kilijaliziwa njiani na dumu, watasema ndoa ilianza kwa ujanja. Harufu ilikaa garini wiki nzima. Nikaosha kwa sabuni, nikatupa zulia, nikaweka jipya. Nikasahau, au nikajifanya nimesahau. Deo aliponiuliza kama maji yaliingia nilisema hapana, na Edson vilevile, na sikusema uongo.

Ta Kaijage alinisikiliza bila kucheka, ingawa niliona kofia inatikisika kidogo.

"Uliwajibu sawasawa," akasema. "Waliuliza maji."

"Sasa nimeharibu?"

"Sukari na uchachu, hiyo ni kazi ya polepole. Imekula shaba mwaka mzima na zaidi. Gari likipata joto unyevu unatembea, linazima. Likipoa linajikaza." Akakaa juu ya kizingiti cha gari. "Haya, nisomee daftari lako."

Nikamsomea safu zote tatu, pamoja na nilizofuta. Akatikisa kichwa.

"Hapa ulikuwa unachagua lenye nguvu. Nguvu gari lako linayo. La mtumba litakuja wazi kama hili na kulala sakafuni kama hili. Kile kiboksi ni kumkanda mgonjwa juu ya nguo. Chukua lile lililofungwa mpira, na usilichukulie nguvu zake. Lichukue kwa sababu mtu akilimwagia rubisi linakaa kimya."

"Na zile tarakimu?"

"Edson ataweka za kawaida kabisa, azifunge, usizione tena maishani. Na nyaya hizi zilizooza tukate, tuunge mpya. Hata ungenunua boksi la ndege, ukiliunga kwenye soketi hii nalo litakufa."

Niliona aibu, na niliona nafuu, vyote kwa pamoja. Siku mbili nilihangaika kuelewa maboksi, kumbe nilitakiwa kusema sentensi moja.

Saa saba mchana tulirudi mjini, Ta Kaijage akiwa kiti cha abiria, soketi iliyooza ameirudishia kwa muda tu ili gari litembee. Edson alipoiona hakuuliza mengi. Walifanya kazi wawili mpaka jua lilipoanza kuinama, mmoja akiunga nyaya mpya, mwingine akiandika kwenye kompyuta. Sakafu na zulia wakavisugua kwa sabuni, na boksi hawakulirudisha hapo. Walilifunga juu, nyuma ya kisanduku cha dashibodi, mahali ambapo mguu wa mtu wala kibuyu haviwezi kufika. Walipokuwa wakiweka tarakimu niliona nafasi yangu ya kuchangia imefika. Nikawaambia wakumbuke Kishanda iko juu kuliko hapa ziwani, hewa yake ni nyepesi, hivyo petroli nayo inatakiwa ipungue. Nilieleza vizuri, na mifano. Edson akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli kabisa, Mama," akasema. "Lina sensa ya kupima hewa. Linajirekebisha lenyewe."

Ta Kaijage akakohoa ndani ya kofia yake. Nikarudi kwenye kiti changu.

Walipomaliza tulipanda mlima wa kutokea mjini, tukashuka, tukapanda tena, mpaka injini ikawa ya moto kabisa. Haikukohoa. Nilimrudisha mzee Kaagya, mkewe akanipa mkungu wa ndizi na kahawa ya kutafuna njiani, nami nikashindwa kusema asante ya kutosha. Nilijaribu kumwuliza mara ya mwisho boksi lile linaamuaje mambo yake. Akanieleza kwa subira. Niliitikia kwa kichwa kama nimeelewa, kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakifanya.

Siku ya nne, alfajiri, niliondoka Nshambya. Kemondo nilipita bila kusimama, na mahali nilipokaa siku ya kwanza nikapita nimenyoosha shingo. Muleba nilimpungia Fundi Deo nikamwambia nitarudi kumweleza. Baada ya hapo mvua ikaanza, mvua ya kweli. Nilipofika chini ya mlima wetu maji yalikuwa yanashuka barabarani yakibeba mawe. Niliweka magurudumu yote manne, nikasema sala fupi, nikapanda. Katikati, mahali linaponizimia siku zote, nikaukaza usukani na kukanyaga mafuta. Gari likapita hapo likiendelea na shughuli zake.

Koku alikuwa mlangoni, begi limeshafungwa. Mgongo ulikuwa bado unamvuta na uso umemvimba. Sikushuka hata kunywa maji. Nilimsaidia kukaa kiti cha mbele, nikamwekea mto, tukageuza.

Tulipofika chini ya mlima, mvua imepungua, akasogeza miguu yake juu ya zulia. "Hapa panatoa harufu ya sabuni sana," akasema.

Nikaona nikiendelea kunyamaza sasa, nitakuwa nimefundishwa bure. Nikamwambia. Nikamwambia mbuzi, kona, kibuyu, dumu, jani jipya, na kiapo cha Rwegasira. Nikamwambia ni kile kibuyu chake kilichotaka kumzuia asifike hospitali. Macho yangu yalikuwa barabarani kwa sababu nilishindwa kumtazama.

Nilisikia anacheka. Anashika tumbo kwa mikono miwili, anacheka.

"Ma, baba alijua tangu funda la kwanza. Alisema rubisi ya kibuyu haiwezi kuwa na ladha ya dumu. Alitaka kuuliza mbele ya watu wote, mama akamkanyaga mguu."

"Akanyamaza?"

"Wakatukataza sote kukutajia. Mama alisema mtu aliyeona haya kiasi hicho, atanitunza."

Nilipunguza mwendo, maana machozi na barabara ya Muleba haviendi pamoja.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji siku ya tano baada ya hapo, msichana, mama yake mzima na yeye mzima. Daktari alisema kama tungechelewa, asingependa kuzungumzia ambalo lingetokea. Boksi liko juu, nyuma ya kisanduku cha dashibodi, linafanya kazi, na mpaka leo sijui linafanyaje. Najua hili moja. Mwaka mzima na zaidi nyumba mbili zilinyamaza, moja ikificha aibu yake, nyingine ikiificha aibu ya mwenzake kwa upendo, na chini ya miguu yetu waya ukawa unaliwa. Mzee wa kina Koku anakuja Jumamosi kumwona mjukuu. Nimemtumia salamu kwamba nitamfuata mwenyewe na gari, na kibuyu akilete, lakini akae nacho kiti cha nyuma.